Foto za Dimanche Saa ya Misa

Lubumbashi, Makomeno, tarehe 3 juni 2024

Yaya Adalbert,

Salamu nyingi mu jina ya Bwana wetu. Uko je? Ile chuma baliweka mu nyonga inakuumiza bado? Huku tuko bazima, ni paka baridi ya juni tu njo inaingia mu mifupa. Nabasalimia mutoto wako Lydie na bwana yake, na bajukuu bote. Baambie bakupe kiti ya mugongo murefu, usikae ku fauteuil ya chini.

Yaya, nilifanya sawa uliniambia. Nilitosha appareil yako ya foto mu kabati, nikatia batterie, nikapiga aquarium foto makumi ine. Usicheke. Zenye flash, iko paka jua moja nyeupe katikati ya kioo, na ndani ya jua uso wangu na foulard ku kichwa. Zenye bila flash, yote ni bleu tu, sawa muntu alimwanga wino. Samaki ni mistari ya machungwa, moja inapita huku, ingine kule. Korali zako sijui kama ziko muzuri ao hapana. Mimi ninaona paka mawe yenye kufungua midomo.

Lakini hakuna kitu ilikufa. Chumvi napima, maji naongeza, sawa uliandika ku karatasi. Na juu ya kioo nasali kila asubui, hata kama wewe ulitosha misalaba yote mu salon tangu muke yako Virginie alikufa.

Ulisema foto za téléphone zinafika na rangi ya uongo, njo maana natuma carte mémoire yenyewe mu kisanduku cha kiberiti. Anabeba mama Chileshe, ule Mubemba anavukaka mupaka ku Mokambo na mizigo yake kila posho, mwisho wa juma. Akikupatia, umupe maji ya kunywa.

Mudogo wako,
Constance


Kitwe, tarehe 8 juni 2024

Mudogo Constance,

Salamu. Nilipokea. Niko muzima, natembea na béquilles, zile fimbo za kwapa, mpaka ku mulango na kurudia. Lydie anakusalimia.

Foto zako tuliangalia ku ordinateur, ile kompyuta ya Lydie. Lydie alicheka mpaka machozi. Mimi sikucheka. Korali haisemi, haipigi kelele kama kuku. Ikianza kuwa mugonjwa inakuwa nyeupe ku ncha, na kama hatukuona ile juma, juma ya pili yote inakwisha. Jaribu tena. Usitumie flash. Kama rangi ni bleu, ni ju ya taa zile, appareil haizoei, lazima uifundishe nyeupe ni nini. Namna gani, siwezi kukuelezea mu barua. Virginie alijua.

Na nakukumbusha kile uliapa mbele ya Bikira siku nilipanda gari: hautamufungulia Jean-Claude mulango yangu. Najua ni mudogo wetu, tumbo moja. Lakini miaka sita iliyopita, mu matanga ya bibi yangu Virginie, nilimuachia aquarium siku tatu tu. Nikarudia ku aquarium nikakuta Ndimu haiko, ile samaki ya manjano ya Virginie. Hakuna samaki yenye kufa, hakuna hata mufupa. Samaki haitembeaki. Aliiuzisha, kisha akaniangalia mu macho na kusema hajui.

Nikisikia alikanyaga mu nyumba yangu, wewe pia utatafuta kwingine kwa kulala. Hata kama nyumba yako ya kule Annexe ilianguka na mvua. Sisemi kwa kukuogopesha. Nasema ujue.

Yaya yako,
Adalbert


Lubumbashi, tarehe 17 juni 2024

Yaya,

Amani ya Mungu ikae na wewe. Nafurahi kusikia unafika ku mulango. Magoti yangu yanaendelea na kazi yao ya kulalamika, lakini ku kanisa bado yanapiga.

Sasa fungua hii carte, kisha useme kama mudogo wako ni mujinga!

Nilijifunza. Kwanza unazima taa ya salon na unafunga rideau ya dirisha, ju kioo inaiba kila kitu kiko nyuma yako. Kisha unajifunika na nguo nyeusi, wewe na appareil pamoja. Mimi natumia pagne ya matanga ya marehemu bwana yangu, haina kazi ingine. Objectif, ile jicho ya appareil, unaibandika ku kioo, usimame mbele kabisa, hapana upande, ju ukipiga na upande kila kitu kinapindika. Mbele ya yote unaweka karatasi nyeupe chini ya taa za bleu, unaionyesha appareil, unaiambia: hii njo nyeupe. Kisha unasimamisha pompe, maji inatulia, korali zinaacha kucheza. Ju nisisahau kuiwasha, nasali makumi mbili ya rozari. Zikiisha, pompe inarudia.

Na samaki haufukuze. Unachagua jiwe moja, unaliangalia, unangojea. Yeye mwenyewe anakuya kuona nani yuko chini ya pagne.

Angalia foto ya munane. Ile korali ya violet, unaweza kuhesabu midomo yake.

Mudogo wako mwenye furaha,
Constance


Kitwe, tarehe 22 juni 2024

Constance,

Salamu. Nyonga inaendelea.

Foto nimeziona. Ni nzuri. Ni nzuri sana. Njo shida.

Juma mbili zilizopita ulikuwa unapiga uso wako. Leo kutoka ya kwanza mpaka ya kumi ni za muntu wa kazi ya foto. Za kumi na moja mpaka mwisho zinatetemeka kidogo, hizo naweza kuamini ni zako. Lakini zile kumi? Nani alikufundisha karatasi nyeupe?

Kitu kingine. Appareil inaandikaka siku na saa ndani ya kila foto. Lydie alinionyesha. Zako ziliandikwa dimanche saa kumi na moja ya mangaribi. Zile kumi nzuri ziliandikwa dimanche hiyo hiyo, 9:20 ya asubui. Constance, tangu nakujua haujakosa Misa ya saa tatu. Hata siku ulizaa Bénie ulikuwa unauliza kama utafika ku Komunyo.

Basi kama wewe ulikuwa ku kanisa, nani alikuwa mu salon yangu?

Nangojea jibu, hapana sala.

Adalbert


Lubumbashi, tarehe 24 juni 2024

Yaya Adalbert,

Nakusalimia mu upole. Haukuandika “yaya yako” ku mwisho. Niliona.

Saa ya appareil ni mubaya, ni hiyo tu. Ilikaa miaka mu kabati bila batterie, itajua je saa? Mara inasema asubui, mara inasema mangaribi. Karatasi nyeupe niliambiwa na muntu mumoja ku mulango ya kanisa, anajua mambo ya foto. Batu bengi banajua foto siku hizi.

Na mimi pia nina swali, unisamehe. Unaomba foto za samaki, ao unanifanya sentinelle ya kujichunga mimi mwenyewe? Ju unaangalia saa, unaangalia nani anatetemeka, na korali haujaniambia hata moja kama iko muzima. Nililala chini ya pagne mpaka shingo ikakauka. Ningefurahi kusikia neno moja ya korali.

Mama Chileshe anasema nyumba ya Lydie ni safi na ulimupa maji. Asante.

Mudogo wako, paka mudogo wako,
Constance


Kitwe, tarehe 29 juni 2024

Constance,

Korali ziko nzima. Ya violet imeota. Haya, nimesema.

Sasa ile saa mubaya. Foto ya kwanza kabisa, mbele muntu hajajifunika, ku kona ya kioo kunaonekana saa ya ukuta ya salon. Inaonekana kinyume, sababu ni kivuli. Nilimuambia Lydie aigeuze ku ordinateur. Saa ya ukuta inasema tatu na makumi mbili. Appareil inasema 9:20. Saa mbili zote ni mubaya namna moja?

Na mama Chileshe, alipomaliza maji, nilimuuliza. Akasema yeye anabeba mizigo, hapana maneno. Nikamuuliza tena. Ile dimanche alipita kuangalia kama barua iko tayari, hakukuta muntu wa kumuitikia, lakini ku kiti ya barza kulikuwa kofia ya kijani ya mwanaume, na kinga nyekundu, baiskeli ya mwanaume, ilikuwa imeegemea ukuta.

Nani mu familia yetu anazunguka Lubumbashi na kinga nyekundu, akipiga foto za ndoa?

Uliapa, Constance. Wewe mwenye kutufundisha bote kuapa ni nini.

Adalbert


Lubumbashi, tarehe 15 juli 2024

Yaya wangu,

Nimekaa juma mbili bila kukuandikia. Sikuweza. Uko na afya? Mungu akulinde, hata kama leo utanikasirikia.

Ni Jean-Claude.

Lakini sikiliza yote, kisha uhukumu. Foto zangu za kwanza zilinitia woga. Nikasema: korali zikikufa ju sijui kupiga, yaya atasema ni mimi. Nikamungojea Jean-Claude ku mulango ya kanisa. Nikamuambia, fundisha mimi. Akasema: “Yaya Constance, nitakufundisha aquarium kule yenyewe iko, hapana hapa ku barabara. Na kule mimi ni mwizi.” Nikamuambia: nitaacha ufunguo chini ya chungu ya aloe, nitaenda Misa. Wewe ingia, fanya, andika ku karatasi namna ya kufanya, toka mbele sijarudia. Mimi sitakuwa nimekufungulia.

Akacheka sana. Akasema: “Unamuapia Bikira Mama, kisha unamuomba Mutoto wake akufiche.”

Ilikuwa vile dimanche ine. Sikumufungulia, sikumuona uso mu nyumba yako. Nilikuta paka karatasi ku meza. “Zima taa.” “Hapana upande.” “Ngojea samaki, usimufukuze.” Ku moja aliandika: “Ile violet ilikuwa ndogo sawa kifungo wakati wa Virginie.” Nililia mbele ya ile karatasi.

Kwa Padri nilieleza nikifikiri nina haki. Akaniuliza: nani aliweka ufunguo? Nikasema mimi. Ile swali yake njo iliniuma. Basi ni uongo, yaya, nimeufanya, na juu yake uongo wa saa. Naomba musamaha kwako.

Sasa kitu cha pili. Usiseme ni ju ya kujitetea. Dimanche iliyopita, mangaribi, niko peke yangu chini ya pagne, nilitaka kupiga ile korali ya nyuma kabisa. Nikabandika objectif ku kioo ya upande. Nikaona pale nyuma, katikati ya aquarium na ukuta, kwenye mukono hauingii, kitu kimekaa ku ubao. Nikafikiri ni jani. Nikachukua torche.

Ni samaki. Ilikauka. Chumvi iliota juu yake mpaka ikashikana na ubao, sawa vile chumvi inaota ku bomba zako nyuma. Haina manjano tena, iko kahawia. Lakini mukia, yaya. Angalia mukia.

Sikuigusa. Jean-Claude hajui, sijamuambia. Ni foto ya makumi tatu na moja, niliipiga mimi, inatetemeka, utajua ni yangu.

Mudogo wako mwenye zambi,
Constance


Lubumbashi, tarehe 12 agosti 2024

Yaya Adalbert,

Salamu. Natumaini uko muzima. Mama Chileshe alivuka mara ine, kila mara alirudia mikono mitupu. Anasema ulipokea kisanduku, ukafunga mulango ya chumba.

Sikungojei uniambie kutoka. Nguo zangu nimezitia mu valise, iko nyuma ya mulango. Marceline wa Legio Maria anaweza kunipa kitanda kwake. Ufunguo haukai tena chini ya chungu, uko ku shingo yangu pamoja na medali.

Lakini foto natuma bado, ju samaki hazijagombana na muntu. Samaki ya machungwa ilitaga mayai, angalia ya kumi na mbili. Bwana yake anazipepea na mapezi muchana kutwa. Nilisali rozari nzima nikimuangalia, nikasahau ni rozari gani, na pompe nikaikumbuka ku Salamu Maria ya mwisho.

Kama umekasirika, kasirika na mimi. Jean-Claude alikuya kusaidia korali ya Virginie.

Constance


Kitwe, tarehe 17 agosti 2024

Mudogo wangu Constance,

Salamu nyingi. Natembea na béquille moja kama kuko muntu pembeni, mbili kama niko peke yangu.

Nilikuza ile foto ku ordinateur mpaka ikakuwa mavumbi. Nilifikiri mingi mubaya, nakuambia kweli. Nilisema Jean-Claude alikausha samaki ya soko, akaiweka pale wakati uko unaimba Gloria. Nilisema mulipanga pamoja. Siku moja nilisema hata mama Chileshe yuko ndani.

Lakini ile chumvi. Miaka kumi na tatu naikwangua ku bomba, najua inaota polepole namna gani. Ile haikuwekwa na muntu mu dimanche ine. Na mukia iko na pengo ya chini, kwenye pompe ilimukata mwaka alifika. Virginie alimutunza mu ndoo mwezi muzima. Hakuna muntu mwengine alijua ile pengo, hata Jean-Claude.

Ndimu iliruka yenyewe. Tulikuwa bengi mu matanga, kelele, taa zinawaka na kuzimika, na kifuniko ya aquarium mimi njo nilikitosha, nikakifanya meza ya sahani za bageni. Nimekumbuka juma hii tu. Miaka sita sikukumbuka.

Valise toa nyuma ya mulango, itanikwaza.

Nakuya dimanche tarehe 25. Lydie na bwana yake bananileta na gari, banaendelea kwa batu babo, mimi bananiacha ku barza. Usibaki kuningojea. Enda Misa yako ya saa tatu, ukae mpaka matangazo ya mwisho. Ufunguo urudishe chini ya chungu. Umuambie mudogo wetu afike wa kwanza, mbele yangu. Mimi sitaweza kufungua, mikono yote iko ku béquilles. Yeye njo atanifungulia.

Appareil uache mu kabati. Ile siku sitaki foto.

Yaya yenu,
Adalbert