Mlima Unanilipa

Baba,

Shikamoo. Najua hujaitikia tangu enzi zile magari ya Japani yalipoanza kumiminika Arusha, nawe ukauza madume mawili ya ng'ombe ukanunua pikapu. Nasalimia tu, mazoea.

Unakumbuka tulivyokuwa tukishusha ndizi sokoni Tengeru? Ukifika kwenye mteremko unatoa gia, unaweka frii, gari linajiendea, petroli inabaki. Unacheka, "Mlima unanilipa." Nilikuwa na miaka tisa, nikaamini mlima unakupenda. Siku breki zilipokataa pale kwenye kona, ukaenda moja kwa moja, mimi nilikuwa nimebaki nyumbani na homa.

Elibariki, uliyemwacha mgongoni kwa Mama, sasa ni dereva. Anaendesha gari la umeme la hoteli ninakopika, huku juu Meru. Akiinua mguu kwenye eksileta wakati wa kushuka, gari linajizuia lenyewe, na ule mwendo unageuka umeme unaorudi kwenye betri. Breki haigusi. Hakuna aliyemfundisha, Baba, lakini husema, "Mlima unanilipa." Mara ya kwanza kumsikia niliangusha sufuria.

Shida ni kwamba anaogopa kuishiwa njiani, kama wewe. Anachaji huku huku mlimani hadi betri ijae kabisa. Fundi alimwonya kuwa betri ikijaa haina pa kuweka umeme unaorudi, na gari halijizuii tena. Kibuyu kilichojaa hakiongezwi maji. Akajibu, "Sawa sawa." Elibariki na sawa sawa yake!

Jumanne nilishuka naye. Kwenye kona yako akainua mguu. Gari halikushika, likazidi kwenda. Akakanyaga breki, tukasimama ukingoni kabisa. Akacheka kicheko chako. Jioni ile ile akachomeka waya, hadi ijae.

Mama sijamwambia, hatalala. Nina hasira na wewe, Baba. Ulimwachia mtoto maneno yako, hofu ya mteremko hukumwachia.

Kesho anashuka na wageni sita, na waya ameuchomeka tena. Umeme wa huku ni wa polepole, haujazi betri kabla ya jua. Nitakapoamka kuwasha moto wa chai nitauchomoa ule waya, betri ibaki na nafasi. Atafoka mbele ya watu, na afoke. Nitauchomoa kila siku atakayoshuka, nakuahidi.

Pumzika, Baba. Ila hapo kwenye kona, usimngoje.

Mwanao,
Anaeli