Na Wewe Nani Atakupigia?

Shoga, leo nimeumbuka redioni, watu wote wakinisikia.

Nilikuwa nasoma utabiri: ngurumo, upepo mkali na mafuriko mabondeni kuanzia jioni hii. Nikamalizia kwa kuwasihi wasikilizaji wampigie simu mtu anayeishi peke yake.

Mama mmoja akapiga studio. "Na wewe mwanangu, nani atakupigia?"

Nikaanza kupekuapekua karatasi za utabiri, yaani tuko hewani. Fundi mitambo akanitolea macho nyuma ya kioo.

"Nani atakupigia, mwanangu?" akarudia, kwa upole kabisa.

Nikamjibu ninaye rafiki, hunipigia kila wingu likitanda. Nilikuwa nakusema wewe. Hujanipigia tangu uolewe.

Sasa niko nyumbani, upepo unabamiza madirisha. Nipigie, mwenzangu, nisibaki muongo.