Mume Wangu na Fedha za Mshauri

Uthiru, Jumapili

Na usirudie tena, kaka Zedekiah, kwamba mwanamume haendi kwa mshauri nasaha! Hebu nikusimulie kuhusu Njuguna wangu.

Mwezi uliopita tuliitwa ukumbini kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti. Watu waliomba barabara na mitaro tu. Kumbe fedha za mshauri wa kliniki yetu zilikuwa zimeondolewa! Njuguna akasimama, shati lile la harusi likimkaa vizuri ajabu.

“Mwaka juzi nilitaka kujiua,” akasema. “Mshauri huyo ndiye aliyeniokoa.”

Mzee mmoja akanigeukia: “Bibi arusi, ulijua haya?”

“Nilijua kabla ya mahari, na bado nilimtaka!”

Akina mama wakapiga vigelegele, kisha kila mmoja akaandika “mshauri abaki” kwenye fomu yake ya maoni. Jana tuliambiwa fedha zimerudishwa. Nilimbusu Njuguna mbele ya mama mkwe!

Kaka, mkeo ameniambia hulali, na kwamba umeanza kugawa vitu vyako. Ninaogopa. Leo usikae peke yako. Njuguna atakupigia simu jioni, tafadhali ishike. Na kabla mwezi huu haujaisha tutakuja Vihiga, sote wawili.

Dada yako akupendaye,
Jacklyne