Ngazi Iliyobaki kwa Mama

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kifua kimekuachia. Mama hajambo. Miguu inamsumbua asubuhi, ila ulimi haujapungua hata kidogo. Majirani wanakusalimu. Mimi nipo. Ukiniuliza naendeleaje nitakujibu salama, kwa sababu nakula, nalala, na kodi za wapangaji nakusanya kama kawaida.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza. Usinune, unajijua.

Unakumbuka tulivyojenga vile vyumba vya ghorofani nyuma ya nyumba ya Mama kwa mkopo wa benki, ukasema viwe mali ya kampuni, na nyumba ya Mama ibaki ya Mama. Ulieleza vizuri: mpangaji akiumia, ataishtaki kampuni, na Mama hataguswa. Mama akawa anauliza huyo Kampuni ni mtu wa wapi, mbona amepewa vyumba na hajaja hata kumwamkia. Tulicheka sana siku ile.

Unakumbuka pia ulivyomwambia mpima ardhi abane mstari wa mpaka kwenye ukuta wa vyumba, ili kiwanja cha kampuni kiwe kidogo na kodi ya ardhi ipungue. Akabana kweli. Jiwe moja la mpaka alilisimika karibu na bomba, jingine kwenye kona ya choo. Tukamsifu. Hakuna aliyewaza kwamba ngazi ya kupandia iko nje ya ukuta, upande wa Mama.

Ile ngazi tuliijenga kwa kulipua, wewe na mimi tunajua. Saruji ilikuwa imeishia kwenye vyumba. Mwezi uliopita ikakatika, na aliyeanguka ni Mama Cherehani, yule fundi wa chumba cha mwisho, aliyekuwa akikutania kwamba kila likizo kazi yake ni kukuongezea kiuno cha suruali. Alikuwa amebeba sare za shule za watoto wa watu. Nyonga imevunjika. Daktari amesema atatembea kwa magongo, na cherehani ya kukanyaga asahau. Niliziokota zile sare, nikazifuta vumbi, nikazipeleka kwa wenyewe. Kulia sikulia. Mpaka leo sijalia, na sijui kwa nini.

Ndugu zake waliweka wakili, wakaishtaki kampuni. Bima yetu ni ya moto tu, kwa hiyo nilidhani tumekwisha, lakini wakili wetu akanituliza. Alisema kampuni haina kitu, vyumba viko rehani, na benki ikishachukua chake hakitabaki hata cha kununulia magongo. Akashauri tumpe mama wa watu kifuta jasho, asaini kwamba hatamdai tena yeyote katika familia yetu, yaishe. Nilipomuuliza habari ya mstari, kwamba ngazi iko kwenye kiwanja cha Mama na Mama ndiye wa kudaiwa, aliinuka kwanza akafunga mlango. Kisha akasema upande wa pili hawajaliona hilo, na si kazi yetu kuwaonyesha. Nawe uliponipigia ulisema hivyo hivyo: nifunge mdomo, Mama asije akalala nje. Nikaitikia. Niliitikia tu, Kaka, kama mtu anayeulizwa bei ya vitunguu.

Sasa sikia nilichofanya. Juzi, siku ya kusaini, nilimfuata Mama Cherehani kwa dada yake, anakolala kwenye godoro sebuleni kwa kuwa chumbani kwake hawezi kupanda. Nikamwambia asisaini. Nikawaleta wote wawili uani kwetu, nikasogeza beseni la nguo, nikawaonyesha jiwe la kwanza, kisha la pili. Nikamwomba asimame katikati, dada yake akimshikilia, atazame ngazi iko upande gani. Alitazama mawe, akatazama ngazi. Akaniuliza kama najua ninachokifanya, nikamjibu najua. Ningependa kukuambia moyo ulinienda mbio, lakini haukwenda popote. Nikarudisha beseni mahali pake.

Mama alikuwa dirishani, kasikia yote. Nilimweleza wazi kwamba nyumba yake sasa inaweza kuchukuliwa. Akauliza mgonjwa analala wapi. Nilipomwambia, alisema kama ngazi ni yake, basi aliyeanguka kaangukia kwake. Akaniagiza ufunguo wa chumba chako.

Basi chumba chako kina mtu, Kaka. Masanduku yako yako chini ya kitanda changu. Wakili wetu amejitoa, kesi inaanza upya, safari hii anayeshtakiwa ni Mama, na sijui kama utakuta nyumba. Ukiikuta, utalala sebuleni. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie mimi, Mama muache.

Mama anakusalimu, anasema uje. Mama Cherehani naye anakusalimu. Jana alizikuta suruali zako nyuma ya mlango, akaomba sindano, na tangu asubuhi amekaa kitandani anakuongezea kiuno kwa mkono. Nilipomwona nilitoka nje, nikaenda kukaa kwenye lile jiwe karibu na bomba. Bado sikulia, ila ilikaribia.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba