Kibanio Chini ya Kiti cha Wolseley

Glenys, leo nimeumbuka.

Nimemleta Baba hapa Ludlow kwenye maonyesho ya magari ya zamani. Nimekwenda kuchukua chai tu! Kurudi, kakaa kwenye usukani wa Wolseley ya mtu, hataki kushuka.

Mwenye gari anacheka: "Mzee wangu, hili langu."

"Lako? Ngoja." Akaingiza mkono chini ya kiti, akatoa kibanio cha nywele. Cha Mama. CHA MAMA, Glenys!

Ni lile gari la Baba nililoliuza kisirisiri baada ya mazishi ya Mama. Miaka miwili namwambia liko kwa fundi. Miaka miwili!

Baba akanigeukia: "Kumbe fundi wako ndiye huyu?"

Sasa tumo kwenye gari langu. Kibanio kakifumbata. Hataki hata nimfunge mkanda.