Sahani Isiyotiwa Dawa

2 Juni
Mwanangu mpenzi,
Hujambo? Mimi mzima, pumu imetulia, cherehani ndiyo inayonipa homa. Ila kifua cha shangazi yako kimezidi. Daktari anasema ni virusi vya mafua, na mimi mwenye pumu nisikanyage kwake. Nisikanyage! Dada yangu aliyenilea mgongoni!

Nasikia huko maabara mnaipima ile dawa ya kahawia ya kupaka vidonda, kama inaua virusi hivyo. Nikijipaka puani na mikononi, naweza kwenda kumwona? Nijibu upesi: ndiyo au hapana.
Baba yako

6 Juni
Shikamoo baba,
Mimi sijambo, kazi tu. Tunachanganya dawa na virusi, tunasubiri kidogo, kisha tunamimina kwenye sahani yenye seli hai. Seli zisipodhurika, tunajua virusi vimekufa. Sahani moja hatuitii dawa kabisa, ili tuwe na cha kulinganisha.

Jana sahani zenye dawa zilibaki salama! Tulipiga makofi kama watoto. Lakini hiyo ni sahani, baba, si pua. Mpe shangazi pole.
Bintiyo

10 Juni
Mwanangu,
Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma hadi imechakaa. Umesema imeua, halafu umesema si pua. Sasa nishike lipi? Jirani yangu kinyozi anasema hiyo ni ndiyo. Chupa nimeshanunua.

Shangazi yako ananiulizia. Amemwambia muuguzi eti nimemsusa. Mimi nimsuse dada yangu!
Baba yako, kichwa kimevurugika

13 Juni
Shikamoo baba,
Tafadhali usiende! Tumerudia. Dawa ikiwa kali, seli zote zinakufa, hata pale ambapo hatukuweka virusi. Kumbe dawa yenyewe inaziua. Tukiipunguza makali, virusi vinakufa sahani hii, sahani ile vinadunda. Kiongozi wetu anakuna kichwa tu.

Sijui, baba. Umenisomesha miaka yote ile, na jibu langu ndilo hilo. Naona aibu, tena naogopa. Subiri kwanza apone.
Bintiyo

21 Juni
Mwanangu,
Hujambo? Jikaze. Shangazi yako ametutoka Alhamisi.

Barua yako imenikuta nimeshakwenda. Nilitaka kumsalimia dirishani tu, nikasikia ananiita kwa jina langu la utotoni, nikaingia. Akaniuliza kama nimekula. Nikasema bado, akanigombeza vilevile kama zamani, kisha akanishika mkono mpaka usingizi ukamchukua. Nililia, mwanangu, nikajifuta machozi na kamasi kwa mkono uleule.

Nilipovua koti nyumbani ndipo nikaikuta chupa mfukoni, haijafunguliwa. Nilisahau kabisa.

Tangu jana kifua kinabana. Huenda ni majonzi, huenda ni vumbi la vitambaa, huenda ndivyo virusi vyenyewe. Kinyozi ana jibu lake, muuguzi ana lake, nami sielewi hata moja.

Ulisema sahani moja hamuitii dawa. Basi hiyo ndiyo mimi. Njoo unitazame.
Baba yako