Tulidhani Tumealikwa Kuuliza

Keza we, hutaamini. Tumetoka sasa hivi kwenye ule mkutano wa ulinzi wa taifa hapa Granville, huku ugenini tulikohamia.

Si walisema raia tuje tutoe maoni? Mjomba Kubwimana kavaa hadi suti ya harusi!

Akasimama, mimi namtafsiria: "Vita vikifika hapa, sisi tuliotoka kambi za wakimbizi mtatulinda kama watu wenu, au tuanze tena kukimbia?"

Ofisa akatabasamu. "Swali zuri sana. Sasa tunaomba zile ngoma zenu za Burundi, tumeshawawekea hapo mbele."

NGOMA, Keza! Swali zuri, leteni ngoma!

Na tukapiga. Mimi mjinga nikaruka juu kabisa, wakarekodi.

Sasa tuko kwenye gari. Mjomba ananiuliza mimi lile swali, na utani wote umeniisha.